Kufufua Sevo za Zamani za Rimoti kwa Bodi Mpya

Sevo ni kifaa kidogo chenye mota na gia kinachosogeza usukani wa mashua ya mfano kwa amri ya rimoti. Sevo ya miaka ya 1960 au 1970 iliyogoma kusogea mara nyingi haijaharibika yote. Kilichokufa ni bodi yake ya elektroniki, ilhali gia, mota, kasha na potenshiometa (rizista inayobadilika, inayoonyesha mkono wa sevo umefika wapi) bado vinaweza kufanya kazi kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayetaka kurudisha majini mashua ya mfano ya zamani hana haja ya kusaka transista zisizouzwa tena madukani. Atoe bodi ya zamani, aweke mahali pake bodi iliyofunguliwa kutoka kwenye sevo mpya ya bei nafuu, na kila kinachozunguka akiache kilekile cha zamani.

Jambo hili linawezekana kwa sababu kanuni ya kazi ni ileile. Kipokezi, kifaa cha ndani ya mashua kinachopokea mawimbi ya rimoti, hutuma mpigo wa umeme mara 50 hivi kwa sekunde: mpigo wa milisekunde 1.5 huuweka mkono wa sevo katikati, wa milisekunde 1 huupeleka upande mmoja, na wa milisekunde 2 upande wa pili. Bodi hulinganisha urefu wa mpigo huo na volti inayosomwa kwenye potenshiometa, kisha huizungusha mota mpaka viwili hivyo vikubaliane. Kwa kuwa vipokezi vya sasa vya gigahezi 2.4 hutoa mpigo wa aina hiyohiyo, sevo iliyofufuliwa itaelewana navyo bila shida.

Anza kwa kufungua na kusafisha. Hapa Tanga hewa ya chumvi hufika hata kwenye kabati la ndani, na ukimenya waya wa zamani, hasa ule wa hasi, utakuta shaba imegeuka nyeusi na haishiki lehemu hata kidogo. Usijaribu kuuokoa waya wa namna hiyo. Ukate wote na uweke mpya. Gia zioshe kwa mswaki laini, uhakikishe hakuna jino lililovunjika, kisha uzipake grisi kidogo tu. Njia ya kaboni ya potenshiometa isafishe kwa alkoholi ya aisopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, bila kukwangua.

Kabla ya kushika pasi ya lehemu, pima, maana hapa ndipo kazi nyingi za aina hii huharibikia. Weka mita kwenye nyaya mbili za mota ya zamani, uzungushe ekseli yake polepole kwa vidole, na uandike kipimo cha chini kinachotulia. Mota yenye omu 8, ikibanwa isizunguke kwenye volti 4.8, huvuta ampea 0.6, yenye omu 4 huvuta ampea 1.2. Pima vilevile mota ya sevo mpya unayoitoa bodi. Ikiwa ya zamani ina omu chache sana kuliko hiyo mpya, bodi itaungua siku usukani utakaponasa kwenye mwani, kwa hiyo tafuta bodi ya sevo kubwa zaidi. Mimi hupendelea bodi ya sevo ya analogi ya ukubwa wa kawaida kuliko zile ndogo za gramu 9, kwa sababu hiyohiyo ya ampea.

Sevo zenye nyaya nne zinahitaji uangalifu wa pekee. Nyingi kati yake zilitumia betri yenye waya uliotoka katikati, hivyo mota ilipata takriban volti 2.4, wakati bodi ya leo itaipa karibu volti zote za betri. Mota kama hiyo itaenda kwa kasi na huenda ikapita mahali pa kusimama, ikarudi, ikapita tena, huku mkono ukitetemeka bila kutulia. Rizista ya omu chache yenye uwezo wa wati 2, ikiunganishwa kwa mfululizo na mota, hupunguza tatizo, ingawa nguvu nayo hupungua. Kwa sevo yoyote ya zamani tumia betri nne za kuchaji zenye jumla ya volti 4.8, wala usipandishe hadi volti 6.

Potenshiometa za sevo mpya mara nyingi huwa na kiloomu 5. Ikiwa ya zamani ina kipimo cha karibu, itumie. Waya wa katikati wa bodi uunganishe na mguu wa kisuguzi (kile kinachoteleza juu ya njia ya kaboni), na nyaya mbili za pembeni na miguu ya pembeni. Lehemu nyaya mbili za mota, na uweke kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya ncha zake ili cheche za brashi zisisumbue kipokezi. Kwenye waya unaokwenda kwa kipokezi, nyekundu ni chanya, nyeusi au kahawia ni hasi, na nyeupe, njano au rangi ya chungwa ni ishara. Plagi ya zamani usiitumie tena, kwani watengenezaji hawakufuata mpangilio mmoja.

Washa kwa mara ya kwanza gia zikiwa nje. Sogeza potenshiometa kwa mkono: mota inapaswa kusimama mahali fulani na kugeuza mwelekeo ukipita pale. Ukisharudisha gia, mkono ukikimbilia mwisho na kung'ang'ania huko, zima mara moja na ubadilishane nyaya mbili za mota. Ukitaka tu kugeuza upande wa mwendo, badilishana nyaya za mota pamoja na zile za pembeni za potenshiometa. Kubadilisha jozi moja pekee kutaurudisha ugonjwa uleule. Mwendo ukiwa mfupi mno, ongeza rizista mbili zinazolingana, kwa kuanzia kiloomu 1 kila moja, kwenye ncha za pembeni za potenshiometa.

Bodi mpya kwa kawaida ni ndogo kuliko ya zamani, kwa hiyo ifunge kwa kipande cha sponji ili isigonge gia. Kisha tuma mpigo wa milisekunde 1.5, uache mota itulie, na ndipo ufunge mkono wa sevo ukiwa umenyooka sawasawa na usukani.