Kujifunza Kuchomelea Vyuma Nyumbani Katika Umri Mkubwa

Anayeanza kuchomelea vyuma akiwa na miaka 60 na zaidi hukwamishwa zaidi na macho kuliko mikono, kwa sababu mkono hauwezi kufuata mstari usioonekana. Kwa hiyo, kabla ya kuwazia mashine kubwa, tafuta barakoa yenye kioo kinachojitia giza chenyewe hadi kiwango cha 10 au 11, kisha upachike ndani yake lenzi ya kukuzia inayolingana na miwani yako ya kusomea. Miwani ya lenzi za sehemu mbili huchosha shingo, kwa kuwa humlazimu mtu kuinua kidevu ili aone karibu. Usiwashe hata mara moja bila barakoa: mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kimyakimya, na maumivu kama ya mchanga huja saa kadhaa baadaye. Aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amwone daktari wake kwanza.

Vaa nguo za pamba nzito au ngozi, wala si za nailoni au poliesta, kwani hizo huyeyuka na kugandia mwilini. Fanyia kazi mahali penye hewa nyingi, mbali na kila kinachoshika moto, na usichomelee chuma kilichopakwa zinki, maana moshi wake huleta homa na baridi kali.

Kwa mazoezi, chukua kipande cha chuma laini chenye unene wa milimita 5, ukisugue hadi king'ae, na ubane klampu ya ethi, yaani kibanio cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine, penye chuma kitupu. Elektrodi, yaani fimbo ya kuchomelea, ya aina ya 6013 yenye kipenyo cha milimita 2.5 humfaa anayeanza, na umeme wa ampea 70 hadi 90 humtosha. Keti, egemeza kiwiko mezani, shika kishikio kwa mikono miwili. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mkono unaoning'inia hutetemeka hata kwa kijana. Kwaruza ncha ya elektrodi kama unayewasha kiberiti, kisha uiache juu ya chuma kwa umbali usiozidi unene wa elektrodi yenyewe, ukikumbuka kuisogeza chini kadiri inavyopungua. Tazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, si mwanga.

Gonga ganda linalofunika mstari uliochomelea, piga brashi, na usome mstari wako. Mstari ukiwa mwembamba na umekaa juu kama kamba, ampea ni chache au umekwenda mbio. Ukiwa bapa na kingo zimelika, punguza ampea. Mistari ikianza kufanana ndipo uunge vipande viwili, kisha uvijaribu kwa kuvibana kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo hadi vipinde. Kiungo kikivunjika, tafuta ndani yake mashimo na ganda jeusi lililonaswa. Ngazi, tela na chochote kinachobeba watu visubiri hadi fundi mzoefu akague viungo vyako.