Sketi ya Kwanza Huanzia Dukani: Namna ya Kununua Kitambaa na Kujishonea

Wengi wanaotaka kujishonea nguo hapa Mwanza huanza kwa kutafuta cherehani, wakati kazi yenyewe huanza mapema zaidi, pale mtu anaposimama mbele ya jora la kitambaa na muuzaji akiwa ameshika mkasi. Nguo nyingi zilizoharibika mikononi mwangu ziliharibikia hapo, wala si kwenye sindano. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na sanduku la bati lililojaa vitambaa 11 nilivyovinunua kwa sababu rangi zilinivutia nilipokuwa nikipita mtaa wa Makoroboi hapa mjini, na hakuna hata kimoja nilichokuwa nimekinunua kwa ajili ya nguo ninayoijua. Kimoja kilikuwa kifupi mno kwa gauni, kingine kilikuwa chepesi mno kwa sketi, na viwili vilikuwa vya poliesta iliyonishinda kuvaa mchana katika joto la mji huu. Macho hayana pazia. Ndiyo maana namshauri kila anayejifunza aamue nguo kwanza, aandike vipimo vyake kwenye daftari, kisha ndipo aende sokoni.

Tuchukue sketi ya lastiki, kwa kuwa haihitaji zipu wala vifungo na humfundisha mtu kushona mstari ulionyooka. Kwa futi kamba, pima kiuno, nyonga pale zilipo pana zaidi, na urefu kutoka kiunoni hadi unapotaka sketi iishie. Tuseme kiuno ni sentimita 80, nyonga 100 na urefu 75. Juu utahitaji sentimita 4 za kukunja njia ya lastiki, na chini sentimita 4 nyingine za pindo, hivyo kila kipande kitakuwa na urefu wa sentimita 83. Vipande ni viwili, cha mbele na cha nyuma, ambavyo kwa pamoja vinafanya sentimita 166. Pamba hurudi inapofuliwa, na baadhi yake hurudi hadi sentimita 5 kwa kila mita, kwa hiyo usinunue chini ya sentimita 175. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo. Yadi 2 basi zinatosha kabisa.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo itakayokulinda dukani. Kitenge kwa kawaida huuzwa kwa pisi ya yadi 6 au kwa nusu yake, na muuzaji atakuambia kwa upole, "Chukua pisi nzima, dada yangu, nusu haitakutosha." Ikiwa hujui unachoshona, utamwamini. Ukijua, utachukua yadi 3, na baada ya kukata sketi utabaki na karibu sentimita 94, ambazo zinatosha kilemba. Hakikisha pia kwamba mnazungumza kipimo kimoja, kwa sababu vitenge huhesabiwa kwa yadi ilhali vitambaa vingi vya jora hupimwa kwa mita, na tofauti ya zaidi ya sentimita 8 kwa kila kipimo si ndogo katika gauni refu. Mwombe muuzaji apime kitambaa kikiwa kimelala bila kuvutwa. Khanga ni habari nyingine: huuzwa kwa doti, na kwa kuwa ina mji (sehemu ya kati), pindo (mpaka unaouzunguka) na jina (maandishi yake), humlazimu mshonaji kupanga mapema jina litakaa wapi. Kwa nguo ya kwanza, iache.

Sasa kagua kitambaa chenyewe. Kitoe hadi mlangoni kwenye mwanga wa jua, maana taa za dukani hubadilisha rangi. Kigeuze uone upande wa ndani: kitenge kilichochapwa kwa nta huonyesha rangi karibu sawa pande zote mbili, na kile kilichochapwa upande mmoja huonekana kimefifia nyuma. Maandishi ya ukingoni yanayosifu kitambaa yasikutulize, kwani huigwa kwa urahisi. Kikunje kwa ngumi kwa muda mfupi kisha ukiachie. Pamba itabaki na mikunjo, poliesta itajinyoosha. Ukibaki na shaka, omba uzi mmoja uliochomoka ukingoni ukauchome nyumbani kwa kiberiti juu ya sahani, mbali na watoto: uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mwisho, lowesha kona ya leso nyeupe na kusugua mahali pasipoonekana. Nilipuuza jambo hili mara moja tu, nikaunganisha kitenge cha bluu iliyokolea na kola nyeupe, na baada ya kufua mara ya kwanza kola ilikuwa na mabaka ambayo hayakutoka tena.

Nunua uzi siku hiyohiyo, ukiwa na kitambaa mkononi, na uchague uliokolea kidogo kuliko kitambaa endapo hupati unaofanana kabisa, kwani uzi uliokolea hujificha ndani ya mshono. Chukua pia lastiki ya upana wa sentimita 2.5 na sindano namba 14 kwa ajili ya pamba ya kawaida. Kitambaa chepesi huhitaji namba 11, na kitambaa kizito cha jinzi namba 16. Ninajitahidi kuepuka wiki za mwisho kabla ya Krismasi na Idi, wakati maduka yamejaa na hakuna nafasi ya kutandaza kitambaa wala subira ya kujibiwa maswali.

Ukifika nyumbani, fua kitambaa kabla ya kukigusa kwa mkasi. Wakazi wa milimani hapa hupenda kuanika nguo juu ya miamba, na kwa kweli jiwe lililopata jua hukausha upesi mno, lakini rangi hupauka na kitambaa hukauka kikiwa kimepinda. Kianike kivulini kwenye kamba, kisha kipige pasi kikiwa bado na unyevu kidogo.

Kabla ya kukata, tambua mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, na mshindio unaozikata. Urefu wa sketi ufuate mtande, la sivyo sketi itajizungusha mwilini kadiri unavyotembea. Ikiwa kitenge kina ndege au maua yenye kichwa na mguu, vipande vyote viwili vitazame juu. Upana wa kila kipande utokane na nyonga: mara moja na nusu ya 100 ni 150, ongeza sentimita 6 za mishono, ugawe kwa mbili, upate 78. Chora kwa chaki, pima tena kila upande, ndipo ukate kwa mkasi usiokatia karatasi. Mabaki ya pembeni yanatosha mifuko.

Weka vipande sura kwa sura, yaani pande za nje zikitazamana, piga bandi (mshono mrefu wa muda) kwa mkono, kisha shona mishono ya ubavuni kwa nafasi ya sentimita 1.5. Usivute kitambaa kutoka nyuma. Meno ya cherehani ndiyo yanayokisogeza, nawe unakiongoza tu. Zuia kingo zisifumuke kwa zigizaga, au zipeleke kwa fundi mwenye ovaloki, cherehani ya kuziba kingo, kisha fungua kila mshono na uupige pasi kabla ya kushona unaofuata. Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayotofautisha nguo iliyokaa vizuri na iliyojikunyata.

Juu, kunja sentimita 1 kisha 3, shona ukiacha mwanya wa sentimita 5. Kata lastiki ya sentimita 77, ipitishe kwa pini ya nepi, hakikisha haijajikunja ndani, unganisha ncha zikipandana sentimita 2, kisha ziba mwanya. Pindo la chini lisubiri. Itundike sketi usiku kucha, na kesho yake ivae pamoja na viatu utakavyovitumia, ukisimama wima huku ndugu au jirani akizungusha alama za chaki kwa kipimo kimoja kutoka sakafuni, kwa sababu ukijiinamia mwenyewe sketi hupanda nyuma na alama zote huwa za uongo.