Hela na mzigo vikutane: kununua na kuuza mtandaoni Dar bila kulizwa

Utapeli mwingi wa mtandaoni hutokea ndani ya muda mmoja tu: hela imeshatoka na mzigo haujafika, au mzigo umeshatoka na hela haijaingia. Bei ya kuvutia, picha kali, peji yenye wafuasi laki mbili, maneno ya "boss wangu" na "dada yangu", vyote vinakusukuma ukubali muda huo uwepo. Uaminifu wa mtu huwezi kuupima kwenye simu. Unachoweza kupanga ni hela na mzigo vikutane mahali pamoja, dakika ileile, mbele ya macho yako. Pale isipowezekana kabisa, punguza kiasi kinachobaki hewani.

Kabla hujatuma hata mia

Anza na bei. Ulizia kwanza Kariakoo, fremu mbili tatu za Aggrey au Msimbazi, kwa sababu bei za pale ndizo zinazoongoza mjini. Muuzaji wa mtandaoni anaweza kushuka kidogo kwa kuwa halipi kodi ya fremu. Akishuka robo nzima, jua kuna jambo: kitu ni feki, kimeibwa, kina deni, kimefungwa, au hakipo.

Kisha iangalie peji yenyewe. Kwenye Instagram gusa vidoti vitatu juu ya akaunti, ingia "Kuhusu akaunti hii". Utaona mwezi na mwaka ilipofunguliwa, na mara nyingi nchi ilipo na kama imewahi kubadili jina. Peji iliyokuwa ya vichekesho mwaka jana na leo inauza friji ni peji iliyonunuliwa. Komenti zikiwa zimefungwa, ondoka. Zikiwa wazi, zisome za posti za zamani, zile za juu mara nyingi huandikwa na watu wao wenyewe. Mtu aliyelizwa huwa hanyamazi, atakuwa ameacha neno mahali.

Picha itafute kwa Google Lens. Ikionekana kwenye matangazo ya watu wengine watano, au kwenye duka la nje ya nchi, muuzaji hana hicho kitu mkononi. Mwombe video fupi: kitu kikiwa kimewashwa, pembeni yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, imeandikwa kwa peni. Mwenye mzigo anaitengeneza kwa dakika mbili. Asiye nao atakuja na sababu ndefu, kwamba yuko safarini au mzigo uko stoo na funguo anazo mwenzake.

Mwisho wa hatua hii ni jina. Ukituma hela kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Duka lenye Lipa Namba huonyesha jina la biashara. Ukiambiwa lipa kwa duka, halafu likatokea jina la mtu binafsi ambaye hujamsikia kwenye mazungumzo, usiweke namba ya siri. Maelezo kwamba ni namba ya mhasibu au ya shemeji yasikutoe kwenye msimamo.

Mnapokutana

Chagua mahali penye watu, mwanga, viti na soketi ya umeme: Mlimani City, mgahawa ulio barabarani, kituo cha mafuta kikubwa. Stesheni ya mwendokasi inafaa kuelekezana, lakini kukagua simu ukiwa umesimama kwenye msongamano haiwezekani. Nenda mchana, na mtu wa pili. Mkishakubaliana mahali, akianza kukuvuta "njoo huku ndani kidogo, mtaa wa pili", rudi nyumbani.

Kariakoo kuna mchezo mmoja ambao bado unawala watu kila leo. Unaelekezwa kwenye jengo linalojulikana, unampata kijana amesimama mlangoni mwa duka, kachangamka kama mwenye mali. Anakuonyesha simu safi, unaridhika, anapokea hela ili "apande stoo akakuletee yenye boksi". Jengo lina mlango wa nyuma. Duka alilosimama halimjui. Namna nyingine ni ya kubadilisha: simu uliyokagua anairudisha kwenye boksi mbele yako, anaizungushia plasta, na ukifika Ubungo ukifungua unakuta kipande cha sabuni chenye uzito uleule. Kinga yake ni nyepesi. Kitu ulichokwisha kukagua hakitoki tena mkononi mwako, na boksi unalifunga wewe. Ukiwa dukani, hela mpe aliye nyuma ya kaunta na udai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) papo hapo.

Simu iliyotumika, hatua kwa hatua

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu simu ndicho kitu kinachouzwa zaidi na kinacholiza zaidi. Tenga nusu saa. Muuzaji mwenye haraka mwache aende na haraka yake.

Piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe (simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili). Zilinganishe na zilizo kwenye boksi na zilizo kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu. Kisha tuma IMEI hiyo kwa meseji kwenda 15090. Jibu litakupa aina na modeli ya simu. Ukiwa umeshika Samsung na jibu linataja simu nyingine, hiyo ni feki au imechezewa, na simu ya namna hiyo inaweza kufungiwa mtandao. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilizima simu feki nchi nzima na waliozinunua ndio walioumia.

Pili, mwambie muuzaji atoe akaunti yake mwenyewe (Apple Account, zamani Apple ID, kwa iPhone, akaunti ya Google kwa Android), halafu afute simu yote mbele yako. Mpangilio huo ni wa lazima. Akifuta bila kutoa akaunti, simu ikiwaka itadai nywila ya mwenye nayo wa zamani, na bila hiyo umebaki na kioo. Baada ya kufutwa, iwashe, iunganishe na intaneti ya simu yako, na uipeleke mpaka ukurasa wa mwanzo bila kuombwa akaunti ya mtu mwingine.

Usiruke hatua ya intaneti. Mjini sasa zimejaa simu za mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku. Mtu analipa wiki mbili tatu, anaiuza, anaacha kulipa, na simu inajifunga ikiwa kwako. Simu ya aina hiyo ikiunganishwa na mtandao wakati wa kuwashwa upya, huleta ujumbe kwamba inasimamiwa na kampuni au shirika. Ukiuona, mrudishie simu yake. Isipounganishwa inaweza isionyeshe chochote, na ndiyo maana muuzaji mjanja atakuambia "utaunganisha ukifika nyumbani".

Tatu, weka laini yako upige, usikie na usikike. Chomeka chaji. Fungua kamera zote mbili. Shika alama ya programu moja uiburute taratibu kioo kizima: ikiachia mahali, kioo kina sehemu iliyokufa. Kwenye iPhone tazama afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu gharama ya betri mpya kwenye bei.

Mwisho andikishaneni: majina mawili, namba za simu, IMEI, bei, tarehe, sahihi. Piga picha karatasi hiyo mkiwa bado mmekaa. Simu ikija kujulikana kuwa ya wizi, polisi watamkuta nayo mwenye kuishika, na karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha ulivyoipata.

Mzigo ukiwa mbali

Mnunuzi wa Mwanza hawezi kukutana na muuzaji wa Dar, kwa hiyo pengo lipo tu. La kufanya ni kulipunguza. Kama una ndugu au rafiki mjini, akague yeye, alipe yeye, apeleke basi yeye. Hilo linashinda mbinu nyingine zote. Kama hakuna, ombeni kupigiana simu ya video wakati kitu kinajaribiwa na kufungashwa bila kukata, mpaka boksi lifungwe na jina lako liandikwe juu. Mzigo ukishakabidhiwa ofisi ya basi, iwe Shekilango au Stendi ya Magufuli pale Mbezi, muuzaji akutumie picha ya risiti ya mzigo yenye jina lako, namba yako, kilichomo na thamani yake, pamoja na namba ya gari. Pigia ofisi ya basi kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Uliyopewa na muuzaji inaweza kuwa ya mwenzake. Ofisi ikithibitisha, ndipo ulipe sehemu kubwa. Kutanguliza nauli ya mzigo peke yake ni jambo la kawaida, kutanguliza bei yote kwa mtu usiyemjua ni kamari.

Ukilipia tovuti za nje kwa kadi, usitumie kadi ya akaunti ya mshahara. Tumia kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu au benki, na uweke humo kiasi cha oda hiyo tu.

Ukiwa wewe ndiye muuzaji

Wauzaji wengi wanadhani hatari iko kwa mnunuzi. Wanaolizwa kwa meseji feki ni wauzaji.

Mteja anakwambia ametuma, na kweli meseji inaingia: "Imethibitishwa, umepokea", ina namba ya muamala, ina salio. Angalia imetoka wapi. Ya kweli hutoka kwa jina la huduma yenyewe, ya feki mara nyingi hutoka namba ya kawaida inayoanza na 06 au 07, au inakuja WhatsApp. Lakini usitegemee macho hata siku moja. Piga mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa, uangalie salio. Kama halijaongezeka, hujalipwa, hata kama boda wa mteja amesimama mlangoni anapiga honi. Kumbuka salio lako la kabla, vinginevyo hutakuwa na cha kulinganisha.

Kuna wizi mwingine ambao hela inaingia kweli, na huu haujulikani sana. Tapeli anaona tangazo lako la laptop ya laki sita. Analinakili, anatangaza laptop hiyohiyo kwa laki sita kwa mtu wa tatu, na anampa huyo mtu namba yako ya malipo. Mtu wa tatu analipa, wewe unaona laki sita zimeingia, unampa laptop boda aliyetumwa na tapeli. Jioni aliyelipa anagundua hana laptop, anapiga simu kwa mtandao wake na kwenda polisi, na jina lililopokea hela ni lako. Kinga: jina la aliyetuma hela lifanane na la mteja unayezungumza naye. Likitofautiana, pigia namba iliyotuma, umuulize amelipia nini na mzigo upelekwe wapi. Usikabidhi mpaka majibu yalingane.

Mteja akikuambia amezidisha malipo na anaomba umrudishie chenji, mwelekeze apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, wairudishe wao. Kupokea hela hakuhitaji namba yako ya siri, hakuhitaji kubonyeza linki, wala picha ya kitambulisho chako cha NIDA. Akikutaka upige *21* ikifuatiwa na namba fulani "kuhakiki oda", anataka simu zako zote zihamie kwake. Kama umeshapiga, futa kwa ##002#. Na tarakimu sita zinazoingia kwa meseji kutoka WhatsApp usimsomee mtu yeyote. Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo, kwa sababu peji au namba ya biashara ikitekwa wanaolizwa ni wateja wako kwa jina lako.

Ukimtuma boda wako apeleke na apokee hela, awe wa kijiwe unachokijua. Piga picha ya pleti yake, yeye na mzigo, na mkubaliane mapema nani analipa nauli mteja akikataa kupokea. Mteja akikataa, ugomvi mwingi hutokana na nauli hiyo kuliko mzigo wenyewe.

Katika tangazo onyesha kasoro. Mkwaruzo upige picha ya karibu, mchana, karibu na dirisha. Andika bei, maana "njoo DM" inakuletea maswali mia na wateja watatu.

Ukishapigwa

Dakika kumi za kwanza ndizo zenye maana, kwa sababu hela hutolewa kwa wakala haraka sana. Piga 100 uombe muamala uzuiwe, ukiwa na namba ya muamala mkononi. Usifute mazungumzo hata kwa hasira: piga skrinishoti zinazoonyesha namba, tarehe na saa, pamoja na peji kabla hawajakublokia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hiyo. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Udanganyifu huu unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo 2015. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040 na ufuate maelekezo utakayojibiwa. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, hasa kama ulituma picha ya kitambulisho.

Siku chache baadaye unaweza kupigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa wa kitengo cha mtandao, anajua kiasi ulichopoteza, na anataka "hela ya kufungua faili" kwenye namba binafsi ili akurudishie. Mara nyingi ni tapeli yuleyule au mwenzake. Kata simu, na namba hiyo nayo iripoti 15040.