Karatasi ya majibu ya mkojo: anza na mstari usiousoma

Dirishani kwetu maabara swali ni lile lile: "Nina UTI?", yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mtu ameona neno usaha, basi roho juu. Mimi humwambia atafute kwanza mstari wa seli za epithelia, yaani seli za tabaka la juu la ngozi na njia ya mkojo. Nyingi ya hizo hubanduka kwenye ngozi ya sehemu za siri. Zikiandikwa "nyingi", sampuli imechafuka njiani, na huo usaha huenda haukutoka kwenye kibofu.

Mama mmoja aliniletea karatasi tatu za mwezi mmoja. Zote usaha, zote epithelia nyingi, na dawa alishameza mara mbili. Nikamwelekeza: nawa, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati, ulete ndani ya saa moja. Ya nne ikatoka safi. Mkojo ukikaa zaidi ya saa 2 nje ya friji, bakteria huzaliana, na majibu yanakuwa ya kichupa, si yako.

Sampuli ikiwa safi, seli za usaha 0 hadi 5 kwa kila eneo linaloonekana kwenye darubini hazitishi. Zikizidi, tazama mstari wa naitraiti, kemikali inayopimwa kwenye mkojo. Bakteria wengi wa UTI huitengeneza, ila huhitaji kama saa 4 ndani ya kibofu. Ndiyo maana napenda mkojo wa asubuhi. Naitraiti hasi haikuondolei UTI, kwani wapo bakteria wasioitengeneza kabisa. Na kama huna maumivu wala haja ndogo ya mara kwa mara, usikimbilie antibiotiki. Mjamzito ni habari nyingine: bakteria wakithibitishwa kwa kuotesha mkojo maabara (culture), hutibiwa hata asipoumwa.

Sukari huanza kumwagika kwenye mkojo ile ya damu ikipita kama 10 mmol/L. Kwa hiyo "hasi" haimaanishi huna kisukari. Kapime damu.

Protini ya + moja baada ya homa au mazoezi makali, rudia siku nyingine. Ikibaki, figo zichunguzwe.

Damu siichezei. Kama uko hedhini, subiri iishe ndipo upime upya. Kama hukuwa hedhini, nenda kwa daktari hata pasipo maumivu, maana saratani ya kibofu mara nyingi huanza kimya hivyo hivyo. Na kama unameza vitamini C kwa wingi, sema kabla ya kupimwa: huweza kuificha damu kwenye kijiti cha kupimia mkojo.