Jinsi ya kusoma njia ya barafuto ardhini: hatua kwa hatua

Barafuto, yaani mto wa barafu unaosonga polepole, hufanya kazi mbili: huchonga ardhi inapopita, kisha hubwaga mzigo wake inapoyeyuka. Ukizitambua alama za kazi hizo, utaweza kusema barafu ilitoka wapi, ikaelekea wapi na ikakomea wapi, hata kama ilikwisha kutoweka maelfu ya miaka iliyopita. Beba ramani yenye kontua (mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi), dira, daftari na sururu ndogo.

Hatua ya 1: Anza na ramani
Tafuta bonde ambalo kontua zimebanana kwenye kuta na kuachana kwenye sakafu. Hilo ni bonde la umbo la U. Mto huchimba kwenda chini na kuacha umbo la V. Barafuto hujaza bonde zima, ikakwangua kuta na sakafu kwa pamoja. Bonde la Teleki kwenye Mlima Kenya ni mfano mzuri. Lifuate hadi juu utafute sirki, yaani shimo la nusu duara lenye ukuta mkali nyuma. Sirki zikiula mlima kutoka pande kadhaa, hubaki kilele chenye ncha, kama Matterhorn katika milima ya Alpi.

Hatua ya 2: Kagua mwamba
Barafu tupu haina ugumu wa kukwaruza mwamba. Yanayokwaruza ni mawe yaliyogandia chini yake, nayo huigeuza barafuto kuwa msasa mzito. Pima kwa dira mikwaruzo iliyonyooka na kwenda sambamba. Usihitimishe bado: mkwaruzo una ncha mbili, na peke yake hausemi barafu ilielekea upande upi.

Hatua ya 3: Tafuta mwelekeo
Kipimo hiki nakipenda kuliko vingine vyote. Tafuta kinundu cha mwamba chenye upande mmoja laini na mwingine uliovunjikavunjika. Upande laini hutazama barafu ilikotoka. Barafu ilipokikwea, mgandamizo uliyeyusha kiasi kidogo chini yake. Maji yakapita hadi upande wa pili, ambako mgandamizo ni mdogo, yakapenya nyufa na kuganda tena. Barafu iliposonga, iling'oa vipande na kwenda navyo.

Angalia usichanganye na drumlini, ambayo aghalabu ni kilima cha mashapo, yaani mawe, mchanga na udongo vilivyobwagwa. Hapo upande wenye mwinuko mkali ndio unaotazama barafu ilikotoka, na mkia mwembamba huelekea ilikokwenda. Kwa hiyo chimba kwanza ujue umesimama juu ya nini.

Hatua ya 4: Chunguza mashapo
Kwangua ukingo uliokatwa. Mawe, kokoto, mchanga na vumbi la mwamba vikiwa vimechanganyika bila tabaka, huenda viliachwa na barafu yenyewe. Vikiwa vimepangika kwa tabaka na ukubwa, vililetwa na maji ya barafu iliyoyeyuka. Maporomoko ya ardhi nayo huchanganya kila kitu, kwa hiyo tafuta pia mawe yenye nyuso bapa zilizokwaruzwa.

Hatua ya 5: Chora mpaka
Tuta lililopinda na kukatisha bonde huenda ni moreni ya mwisho, yaani lundo la mashapo yaliyobwagwa kwenye ukingo wa barafu. Ukingo wa barafu ulisimama hapo kwa muda mrefu. Matuta ya Long Island, New York, ni ya aina hiyo. Weka kwenye ramani kila jabali la aina isiyopatikana katika miamba ya hapo, kisha tafuta chimbuko lake. Ukikuta majabali hayo ng'ambo ya tuta, chora mpaka wa pili: yawezekana kuna barafu ya zamani zaidi iliyofika mbali kuliko hii.