Filamu fupi ya dakika tano kwa simu na watu wanne: mwongozo wa aliyeharibu ya kwanza

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 12. Nilipoionyesha, watu walilisikia friji vizuri kuliko walivyomsikia mhusika mkuu. Tulikuwa tumeshuti sebuleni kwa dada yangu, friji lipo nyuma ya mlango, na siku ile hakuna aliyelisikia, maana sikio huzoea. Simu haizoei. Kwa hiyo usishangae mwongozo huu ukikaa sana kwenye sauti na kupita mbio kwenye picha.

Hatua ya 1: Pima hadithi kwa ulichonacho

Kabla ya kuandika, orodhesha: chumba unachoweza kukitumia siku nzima bila kufukuzwa, watu wawili wanaoweza kuigiza, na kifaa kimoja chenye sura, kama cherehani ya bibi. Hadithi itoke humo. Mfano: mteja amekuja kuchukua nguo ya arusi inayofungwa jioni hiyo, na fundi hajakata hata kitambaa. Tayari una uongo, aibu na saa inayokimbia, vyote ndani ya kibanda kimoja. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, basi andika kurasa tano. Ukijikuta umeandika "umati wa watu sokoni", futa.

Hatua ya 2: Lipa kabla ya kukopa

Magrupu ya watu wa filamu yamejaa WhatsApp, Telegram na Facebook. Wengi huingia kwa "Habari wakuu, naomba sapoti," wanabandika linki, wanapotea. Hakuna anayeifungua. Wewe subiri mtu aseme anashuti Jumamosi, umwandikie: "Nakuja kushika maiki." Fika mapema, beba vitu, ondoka wa mwisho. Ukifanya hivyo kwenye kazi mbili tatu za wenzako utajua nani anafika kwa wakati, nani ana taa, nani anabishana na muongozaji mbele ya watu. Mhariri wangu nilimpata hivyo: nilishinda kutwa nzima nikimshikia kitenge dirishani ili jua lisiingie kwenye filamu yake. Zamu yangu ilipofika sikuhitaji kumbembeleza.

Hata kama ni marafiki, andikianeni: nani anaediti, anamaliza lini, faili zinakaa kwa nani, majina yatatokeaje mwishoni. Nina filamu moja ambayo hadi leo iko kwenye diski ya mtu aliyehama mji.

Hatua ya 3: Ruhusa

Tanzania kushuti filamu kunahitaji kibali. Vibali hutolewa na Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Ulizia mapema, siyo usiku wa kuamkia kazi. Serikali ya mtaa nayo ijue. Kisha mpitie jirani, kwa sababu akianza kutwanga kisamvu saa nne asubuhi, hakuna karatasi itakayomzuia.

Hatua ya 4: Sauti

Siku moja kabla, simama kwenye chumba hicho dakika tano, macho umefumba, saa ileile utakayoshuti. Utasikia feni, jenereta, bodaboda, mabati yanayolia jua likipanda. Adhana ina saa zake. Panga mapumziko yako humo. Friji lizime, na funguo za nyumbani kwako ziweke ndani ya friji hilo. Hutaondoka bila kuliwasha, na nyama ya wenyewe haitaoza.

Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, ichomeke kwenye simu ya pili iliyo mfukoni mwa mwigizaji, mtandao umezimwa. Ikae kama shibiri moja chini ya kidevu. Nguo ya nailoni hukwaruza, mvalishe pamba. Kila mkianza kurekodi, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo litakalokusaidia kulinganisha sauti na picha wakati wa kuediti. Chumba kitupu hurudisha mwangwi, kwa hiyo tundika mablanketi na kanga kwenye kuta ambazo kamera haizioni.

Jambo ambalo kila mgeni hulisahau: kabla ya kufungasha, wote mkae kimya chumbani mrekodi sekunde 60 za ukimya. Kila chumba kina ukimya wake, na ndio utakaozibia mapengo ukikata maneno.

Hatua ya 5: Picha

Fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa Hz 50, na ukitumia namba nyingine, tyubulaiti zinaweza kumeta kwenye picha. Funga mipangilio ya mwanga na fokasi kwenye simu isibadilike yenyewe. Programu ya Blackmagic Camera inakuruhusu kupanga hayo yote bure. Usivute kwa zumu, sogea kwa miguu. Mwigizaji akae karibu na dirisha, balbu uzime.

Hatua ya 6: Editi, kisha uliza vizuri

CapCut inatosha kuanzia. Ukiwa na kompyuta yenye nguvu, toleo la bure la DaVinci Resolve lina karibu kila kitu. Ukimaliza usitupe kwenye grupu na "mnaionaje?" Watakujibu "kali sana mkuu" na hutajifunza chochote. Tuma kwa watu watano, mmojammoja, na maswali matatu: Ulichoka dakika ya ngapi? Mhusika anataka nini? Neno gani hukulisikia? Watatu wakitaja dakika ileile, ugonjwa uko hapo. Dawa watakazopendekeza usizifuate zote. Malalamiko yao yaamini.

Hatua ya 7: Itoe

Usichukue wimbo unaovuma. Kwenye magrupu hayohayo wapo wapiga gitaa. Muombe mmoja, mwandikiane ruhusa. Weka manukuu ya Kiingereza chini ya picha kama unalenga matamasha ya kimataifa, likiwemo la Zanzibar, ZIFF. Mengi hupokea filamu kupitia tovuti ya FilmFreeway. Soma masharti kabla ya kuipandisha YouTube, kwani yapo yanayokataa filamu ambayo tayari iko mtandaoni.

Kabla ya kutuma, isikilize mara moja ukiwa umefumba macho. Ukisikia friji, rudi hatua ya 4.