Kupigwa mionzi Ocean Road: mwongozo kwa mgonjwa wa Unguja na Pemba

Mionzi ya kutibu saratani kwa kawaida haitolewi kwa mkupuo. Dozi nzima hugawiwa vipande vidogo, kila siku kipande kimoja, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Seli zilizo salama karibu na uvimbe nazo huumia kidogo kila siku, lakini hujitengeneza upya kabla ya kipande kinachofuata, na hujitengeneza vizuri kuliko seli za saratani. Pakiingia pengo refu, saratani nayo hupata nafasi ya kuota tena. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, tiba yote ya mionzi, ya nje na ya ndani, inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8. Kila siku inayozidi hapo hupunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe kwa karibu asilimia 1.

Kwa mtu anayevuka bahari kufuata matibabu Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, hesabu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Safari, pahala pa kulala, pesa, damu, hata funga ya Ramadhani, vyote vipangwe ili siku zisikatike.

Utapewa mionzi ya namna gani

Iliyo ya kawaida ni mionzi ya nje. Unalala juu ya kitanda kigumu, mashine inakuzunguka bila kukugusa. Zipo mashine za kobalti, ambazo zina madini yanayotoa mionzi yenyewe, na zipo zinazotengeneza mionzi kwa umeme, zinazoitwa linaki. Linaki hulenga kwa usahihi zaidi uvimbe ulio ndani sana au uliokaa karibu na kiungo nyeti. Kobalti bado ni tiba ya kweli, na ukipangiwa hiyo usidhani umepewa dawa ya daraja la chini. Muulize daktari wako kwa nini imechaguliwa, atakueleza.

Dozi hutofautiana. Saratani ya titi baada ya upasuaji mara nyingi ni grei 40 kwa siku 15, yaani wiki 3 (grei ni kipimo cha mionzi kama vile miligramu ilivyo kipimo cha dawa). Mlango wa kizazi ni grei 45 hadi 50 kwa siku 25 hivi, pamoja na dripu ya sisplatini (dawa ya saratani) mara moja kwa wiki ikiwa figo zinaruhusu, kisha mionzi ya ndani. Saratani za kichwa na shingo zinaweza kufika grei 70 kwa wiki 7.

Wapo pia wanaopangiwa siku moja tu. Saratani iliyofika kwenye mfupa na kuleta maumivu makali hutibiwa vizuri kwa grei 8 mara moja. Familia nyingi zikisikia hivyo huvunjika moyo, hudhani mgonjwa ameachwa. Sivyo. Dozi hiyo moja hupunguza maumivu sawa na dozi ya wiki nzima, na humwondolea mgonjwa dhaifu usumbufu wa kwenda na kurudi. Maumivu yanaweza kuzidi kwa siku 1 au 2 za mwanzo, na nafuu kamili inaweza kuchukua wiki 3 hadi 4, kwa hiyo dawa za maumivu zisiachwe siku ya kwanza.

Kabla hujapanda boti

Barua ya rufaa peke yake haitoshi. Bila majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa kwenye uvimbe na kuangaliwa maabara) daktari wa mionzi hana la kuanzia. Chukua majibu hayo yakiwa na muhuri, na kama inawezekana uombe maabara kile kipande chenyewe kilichohifadhiwa kwenye nta, kwa sababu mara nyengine hutakiwa kisomwe upya, na kukirejea kutoka Dar es Salaam ni wiki nzima imepotea. Ongeza picha za CT au eksirei pamoja na CD yake, majibu ya damu na figo, karatasi ya upasuaji kama ulifanyiwa, kitambulisho cha Mzanzibari na kadi ya bima. Toa fotokopi 2 za kila kitu. Uliza mapema kama bima yako inakubalika huko unakokwenda na inalipia nini, na upewe jibu hilo kwa maandishi.

Damu ni jambo linalochelewesha wagonjwa wengi, hasa mama waliotoka damu kwa miezi. Mionzi hufanya kazi vizuri penye hewa ya oksijeni, na damu ndiyo inayoipeleka kwenye uvimbe, kwa hiyo madaktari hupenda hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) iwe 10 au zaidi. Ipime hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Abdalla Mzee, Pemba, kabla ya safari. Ikiwa chini, ongezewa huku nyumbani, ambako ndugu wa kuchangia wapo tele.

Mgonjwa wa mdomo, koo au shingo aende kwanza kwa daktari wa meno. Jino bovu ling'olewe siku 10 hadi 14 kabla ya kuanza, kidonda kipone. Taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri, na kung'oa jino hata miaka 5 baadaye kunaweza kuua mfupa. Na kwa mgonjwa huyu tambuu, ugoro na sigara viishe siku hiyo hiyo. Moshi hupunguza nguvu ya mionzi, na popoo lenyewe linasababisha saratani ya kinywa.

Mwanamke ambaye bado anapata hedhi apimwe ujauzito. Na kama mlikuwa bado mnatamani mtoto, lisemeni kabla ya kuanza. Mionzi ya nyonga huua kazi ya mayai ya mwanamke, na baada ya hapo hakuna la kurudisha.

Siku ya kuchorwa

Siku ya kwanza hupigwi mionzi. Unapigwa picha za kupanga, unalazwa katika mkao ule ule utakaorudiwa kila siku, na mwili unatiwa alama za wino. Huchukua dakika 30 hadi saa 1. Kisha wataalamu hukaa na hesabu, na unaweza kusubiri siku kadhaa hadi wiki 2. Anayetibiwa kichwa au shingo hutengenezewa kinyago cha plastiki kinacholainishwa kwa maji moto, kinakaza uso usisogee. Kinabana lakini kina matundu, unapumua. Anayeogopa kufungwa aseme mapema.

Alama zile ndizo zinazoiongoza mashine. Oga, chukua udhu, maji hayakatazwi, ila usisugue hapo kwa dodoki wala usipake hina juu yake. Zikififia waambie watu wa mashine wazirudishie wenyewe. Usizichore kwa kalamu yako nyumbani, hata kama unaona pahala pake vizuri kabisa. Kosa la sentimita 1 linatosha kuukosa uvimbe. Hospitali nyengine huweka nukta ndogo ya kudumu kwa sindano. Ikiwa hilo linakutia wasiwasi wa dini, uliza kabla kama kalamu inatosha.

Mwanamke anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke, na ukizoea buibui njoo na kanga mbili juu ya dira. Eneo linalotibiwa tu ndilo linalofunuliwa.

Mbele ya mashine

Utakuwa chumbani dakika 10 hadi 20, na mionzi yenyewe ni dakika chache. Huhisi kitu, ni kama kupigwa picha. Wahudumu wanatoka nje lakini wanakuona kwenye kamera. Ukitaka kukohoa au kutapika, inua mkono wakuzimie mashine, usijigeuze. Ukishatoka huna mionzi mwilini. Lala na mwenzio, mbebe mjukuu, kuleni sinia moja. (Anayenyweshwa iyodini kwa saratani ya tezi la shingo ndiye mwenye masharti tofauti. Huyo hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku atakazoambiwa.)

Kwa wenye saratani ya nyonga, kibofu ndicho kinachoharibu mambo kimya kimya. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo juu, nje ya njia ya mionzi. Ukija umejaa siku ya kuchorwa, kisha siku nyengine ukaja mtupu, kizazi kinakuwa kimehama na utumbo umeshuka ndani ya mionzi, na hapo ndipo kuharisha kunapozidi. Kwa kawaida utaambiwa ukojoe, kisha unywe nusu lita ya maji, yaani ile chupa ndogo ya dukani nzima, halafu usubiri dakika 45 hadi 60. Kipimo utakachopewa kifuate vile vile kila siku. Foleni ikirefuka na mkojo ukabana, mwambie muhudumu, kojoa, uanze upya. Ramadhani maji haya hayaepukiki. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyengine, na wenye nyumba msimtie haya.

Wiki ya pili na kuendelea

Ukiacha uchovu, madhara hutokea pale palipopigwa tu. Aliyepigwa nyonga nywele za kichwa hazimtoki. Uchovu humpata karibu kila mtu, na hubaki wiki kadhaa baada ya kumaliza.

Ngozi hubadilika rangi, huwasha, na kwenye mikunjo kama chini ya titi au kinena inaweza kuchubuka. Hufika kilele chake wiki 1 hadi 2 baada ya kumaliza, kwa hiyo usishtuke ikizidi ukiwa umesharudi nyumbani. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusa gusa. Hapo pahala hapapakwi liwa, msio wala mafuta ya karafuu. Wala pasikandwe kwa maji moto, na kujifukiza kusifanyike. Tunajua kukanda ndio huruma ya kwanza ya mama kwa mgonjwa wake, lakini ngozi ya mionzi ni ngozi iliyokwisha kuungua. Ukipewa mafuta paka kidogo, baada ya mashine. Palipochubuka pasiingie maji ya bahari.

Kinywa kikitoka vidonda, chemsha maji lita 1, yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha baikaboneti ya soda. Siyo hamira, siyo bekin pauda, wala magadi ya maharage. Sukutua kila baada ya saa 2 au 3 na uteme, na kesho yake tengeneza mapya. Urojo, achari, ndimu na pilipili vikae kando. Bokoboko laini, uji wa maziwa, mayai yaliyovurugwa na ndizi mbivu za nazi vinateremka. Pimwa uzito kila wiki. Mgonjwa akipungua sana kinyago kinalegea na mpira wa kulishia unaweza kuhitajika mapema kuliko anavyodhani.

Kuharisha: pakiti 1 ya ORS kwa lita 1 ya maji, wali mweupe, viazi vya kuchemsha. Punguza maharage, maziwa na mboga mbichi. Habbasoda au mitishamba unayotumia mtajie daktari kwa jina, hasa ukiwa kwenye sisplatini, kwa sababu figo ni zile zile.

Usisubiri siku ya kliniki ukipata homa ya 38 au zaidi, ukitoka damu inayojaza pedi ndani ya saa 1, ukishindwa kumeza hata maji, au ukipata maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea. Hilo la mwisho ni la saa, si la siku. Uti wa mgongo ukibanwa muda mrefu miguu hairudi.

Mionzi ya ndani

Kwa mlango wa kizazi, baada ya mionzi ya nje au karibu na mwisho wake, vifaa vyembamba huingizwa ukeni na ndani ya kizazi, kisha mashine hupeleka humo chembe ya mionzi kwa dakika chache na kuirudisha. Mara nyingi hufanywa mara 3 hadi 4. Huumiza zaidi kuliko mionzi ya nje, na ni haki yako kuuliza utapewa dawa gani ya maumivu au usingizi. Wapo wanaotoroka hapa kwa sababu damu imeshakata na wanajiona wamepona. Mionzi ya nje peke yake haifiki dozi ya kuua uvimbe ule.

Siku ikikatika

Kurudi Unguja Ijumaa na kuvuka tena Jumapili kunawezekana, na moyo hupumua. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hujakata tiketi. Boti zikizuiliwa Jumapili, Jumatatu yako imekwenda. Mgonjwa wa Pemba ana vivuko viwili, tunashauri abaki Dar hadi amalize.

Mashine nayo huharibika. Ikitokea, usiende nyumbani kusubiri simu. Muulize daktari: siku hizi zitafidiwaje? Zinaweza kufidiwa kwa kutibiwa Jumamosi, au mara 2 kwa siku moja zikiachana kwa angalau saa 6. Andika kwenye daftari lako tarehe na namba ya kila kipande ulichopigwa, 1 kati ya 25, 2 kati ya 25. Faili likipotea, daftari hilo linasema.

Ukimaliza

Miadi ya kwanza huwa wiki 4 hadi 6 baadaye. Picha ya kuangalia kama uvimbe umekwisha husubiri miezi 3 hivi. Ukipiga mapema utaona pahala palipovimba kwa mionzi yenyewe, udhani ni saratani na kuogopa bure. Mwanamke aliyepigwa nyonga aulize kuhusu kifaa cha kupanulia uke, kinachoanza kutumika wiki chache baada ya kumaliza, kwani uke hukaza na kushikana, na hapo tendo la ndoa na hata uchunguzi wa daktari huwa mateso. Ni jambo la kuulizwa bila kuona haya.

Kabla hujaondoka omba karatasi inayoonyesha pahala palipopigwa, jumla ya grei, idadi ya siku, na tarehe ya kuanza na kumaliza. Iweke pamoja na hati za nyumba. Pahala palipopigwa dozi kamili kwa kawaida hapapigwi tena bila hesabu hiyo, na daktari wa meno atakayekuona miaka 10 ijayo ataihitaji pia.